Wakonyingo si majini

Kuna mazoea ya kuwaeleza Wakonyingo, wale watu wafupi ambao Wachagga husimulia kwamba wanaishi juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa neno lolote la Kiswahili lililo karibu: majini, mashetani, vibwengo. Mazoea hayo yanatutia hasara. Kila neno lina kwao. Jini na shetani yametoka katika Kiarabu, na kibwengo ni wa pwani. Mkonyingo masimulizi yanampa kichwa kikubwa kupita mwili, hata usiku halali chali. Huketi akaegemea ukuta, maana akijilaza hataweza kuinuka. Kiunoni ana pembe, ili akianguka aipulize, wenzake waje kumnyanyua. Jini gani huanguka akaita majirani? Tena Wakonyingo wana ng'ombe. Katika ngano ya Mkunare na Kanyanga, Mkunare anapanda mlima kwa sababu ya umaskini wa nyumbani, anawakuta, anawadhania watoto, anawauliza baba zao wako wapi. Anaambiwa asubiri. Anasubiri hadi ng'ombe wanarudi zizini, mmoja anachinjwa, nyama inaliwa, naye hapewi hata kipande. Ndugu yake Kanyanga anapanda baadaye, anawaamkia kwa heshima ya watu wazima, anawapa dawa ya kulinda mazao, na anateremka akiswaga ng'ombe. Kosa la Mkunare ni kushindwa kumtambua mtu mzima aliye mbele yake. Ukishamwita mwenyeji wake jini, kosa hilo halipo tena, na ngano haina la kusema.

Maneno ya aina hii husafiri, nakubali. Huko Uingereza, Puck katika zama za kati lilikuwa jina la shetani mwenyewe. Kufikia miaka ya 1590 Shakespeare alimpa jina hilo kijitu mtundu anayepoteza wasafiri njia. Urchin lilianza kwa kalunguyeye, likahamia kwa vijipepo, likaishia kwa mtoto mtundu mwenye matambara. Lakini safari hiyo waliifanya wasemaji wenyewe, kizazi kwa kizazi, kadiri hofu yao ilivyopungua. Sisi tunakwenda kinyume, tena kwa mkupuo: mfugaji wa Kibo anageuzwa shetani kwa kalamu ya mfasiri mmoja. Wageni nao walitangulia kuujaza mlima huu pepo. Msafiri Mwingereza Harry Johnston, katika kitabu chake cha 1886, alieleza kwamba Njaro ni jina la pepo aletaye baridi, huku akikiri kuwa jina Kilimanjaro lilijulikana kwa watu wa pwani tu. Wenyeji walisema Kibo na Mawenzi.

Mkristo wa Machame au Kibosho anaweza kuhofu kwamba kulitunza jina hili ni kurudisha upagani. Hofu hiyo naiheshimu, ila imebisha mlango usio wake. Tambiko za jadi zilielekezwa kwa warumu, yaani mizimu ya waliokufa. Katika ngano hizi hakuna anayewatambikia Wakonyingo. Na Wakristo wa Uchagani wenyewe waliendelea kumwita Mungu Ruwa, wala imani yao haikuyumba kwa neno la mababu. Mwingine atasema msomaji wa Mtwara hataelewa. Ataelewa kwa maneno manne, "watu wafupi wa Kibo", kama alivyoelewa jini lilipokuwa geni. Sarufi nayo imekwisha kuwapokea: Mkonyingo, Wakonyingo, sawa na Mchagga, Wachagga. Wapo pia wanaoona katika ngano hizi kumbukumbu ya watu waliotangulia kuishi mlimani. Kwa ushahidi wa ngano peke yake mimi siendi mbali hivyo, lakini hilo ni swali halali la historia, na ukisema "majini" umelifunga kabla halijaulizwa.

Mwalimu wa Bomang'ombe, mji ambao jina lake lenyewe ni boma la ng'ombe, ana kazi rahisi kuliko mwenzake wa Mtwara. Aandike ubaoni Wakonyingo, achore ile pembe ya kiunoni, kisha asubuhi mawingu yakiachia awatoe watoto nje waitazame Kibo.