Ujumbe Ungoje Wapi?

Kuanzia 22 Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha kwa miezi minne uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Uamuzi ulitoka ARECOMS, mamlaka inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati. Kwa mchimbaji wa mikono wa Tenke, au mnunuzi wa Musompo karibu na Kolwezi, tangazo kama hilo linagusa bukari wa nyumbani. Na matangazo ya namna hii watu huyapata WhatsApp: karatasi imepigwa picha, imerushwa kundi hadi kundi, mpaka muhuri hausomeki.

Ndiyo maana wanaotaka mitandao ya kijamii isiyo na mwenyewe mmoja wana hoja. Kwa kanuni ya ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018 na inayotumiwa na mtandao wa Mastodon, mji wowote unaweza kuwa na seva yake, na mtu wa seva hii akamfuata mtu wa seva ile. Mwenye habari huchapisha mara moja, seva yake ndiyo inayowafikishia wafuasi. Tuseme watu 600 wa Tenke wanafuata ukurasa mmoja wa Kinshasa. Kumtumia kila mmoja nakala yake ni safari 600. Kanuni hiyo inaruhusu sanduku moja la pamoja, kwa hiyo inavuka nakala moja tu na ugawaji unafanyika Tenke kwenyewe. Tenke, njia panda ya reli za Lubumbashi, Kamina na Kolwezi, haihitaji kufundishwa faida ya behewa moja kubeba mizigo ya wengi.

Shaka yangu iko kwenye kungoja: mtandao ukikatika, ujumbe unakaa wapi? Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku 20 hivi. Seva ya Mastodon inapomkosa mwenzake siku 7 humweka kando na kuacha kumtumia mpaka atoe dalili ya uhai. Akirudi, yaliyochapishwa wakati hayupo kwa kawaida haletewi. Mpango huo unaifaa seva inayozimika kwa muda mfupi. Hauifai nchi ambayo serikali inakata waya.

Dawa si ngumu. Kila chapisho lipewe namba ya mfuatano na sahihi ya kidijitali. Seva ya Tenke ikiamka iseme: niliishia 412, nipeni kuanzia 413. Yeyote mwenye nakala aweza kujibu, kwa kuwa sahihi itaonyesha kama maneno yamechezewa. Machapisho 1,000 yenye herufi 500 kila moja ni kama nusu megabaiti. Picha na video zibaki zilipo mpaka mtu aziombe, maana mega ni za kununua. Na intaneti ya nje ikikatwa, seva iliyoko mjini inaweza kuendelea kuhudumia majirani kwa Wi-Fi, ilimradi umeme upo.

Mtandao wa Bluesky una njia nyingine: kituo kikubwa kinachokusanya machapisho ya wote na kuyamwaga kwa wanaoyataka. Utafutaji unakuwa rahisi, sikatai. Lakini kumeza mkondo wa dunia nzima si kazi ya mji mdogo, na tutarudi kumtegemea mwenye kituo.

Nani alipe? Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Seva na paneli za sola ni tone katika fedha hizo. Hatari haiko kwenye mashine, iko kwenye orodha ya wafuasi. Juni 2019 wanajeshi walitumwa kuwaondoa wachimbaji wa mikono katika eneo la mgodi wa Tenke Fungurume. Mahali kama hapo, kujua nani anafuata ukurasa wa ushirika wa wachimbaji ni kujua mlango wa kugonga usiku. Heri seva ya mji ijiandikishe mara moja kwa niaba ya wote, ili mchapishaji aone "Tenke" tu, majina yasivuke. Hapo siri yote inabaki kwa msimamizi wa seva. Basi achaguliwe na watumiaji wenyewe, kwa muda maalumu, na asiwe mwajiriwa wa kampuni inayolipa wala wa ofisi ya gavana.