Msimsukume Paka Mlangoni



Juma hili nimeona vema niandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno, nalo ni paka anayekataa kupita katika kijilango alichotengenezewa. Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wawili anayefanya kazi ya uuguzi huko Uingereza, ameniletea barua ndefu juu ya habari hiyo. Nyumba waliyopanga ina kijilango cha paka katika mlango wa jikoni: tundu la mraba lenye kibao chepesi cha plastiki kinachoning'inia kwa bawaba, ambacho paka hutakiwa kukisukuma kwa kichwa, apite, nacho kijifunge nyuma yake. Paka wao hakitaki. Hukaa mbele yake akalia, hasa saa kumi usiku, mpaka mtu aamke na kumfungulia mlango mkubwa. Baba wa nyumba amemshika mara mbili na kumpenyeza kwa nguvu, na mara zote mbili ameambulia mikwaruzo mikononi. Sasa amesema kwamba paka huyo ni mjinga, na kwamba mwezi ukiisha atapelekwa kwenye kituo cha kulelea wanyama wasio na wenyewe. Watoto wanalia. Mama anauliza kama paka aweza kufundishwa, au kama baba ana haki.

Namwelewa baba huyo. Mtu anayeamshwa kila usiku kabla ya kwenda kazini hana budi kukasirika. Hata hivyo, kwa maoni yangu, paka wake si mjinga hata kidogo, na kule kumsukuma ndiko kulikoharibu mambo.

Najua pia kwamba wengi wenu mnacheka. Kwetu ni nani amewahi kumfundisha paka mlango? Ni kweli, lakini tuitazame sababu. Katika nyumba zetu nyingi mlango wa uani hushinda wazi tangu asubuhi hadi magharibi, na usiku paka hupitia dirishani au katika upenyo ulio chini ya paa. Mjini Lamu paka huzurura vichochoroni na pwani wakiwangoja wavuvi, wala hakuna mlango unaowahusu. Paka wetu hupita palipo wazi. Halazimiki kusukuma kitu. Kule kwenye baridi, mlango ukiachwa wazi, joto lililolipiwa kwa fedha nyingi hutoka lote nje, na hapo ndipo kibao kinapohitajika. Basi huyo paka wa Uingereza anadaiwa jambo ambalo paka wa Lamu hakudaiwa kamwe.

Tundu la paka lenyewe si uzushi wa jana. Katika Kanisa Kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, upo mlango wa mbao chini ya saa kubwa ya kale, nao una tundu la duara karibu na sakafu. Hesabu za kanisa hilo zaonyesha kwamba katika siku za Askofu William Cotton, aliyeongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1598 hadi 1621, maseremala walilipwa peni 8 kwa kulikata, ili paka aingie kuwinda panya. Panya hao walivutwa na mafuta ya wanyama yaliyopakwa katika mitambo ya saa. (Wakati huo kanisa lilikwisha kuwa la Kianglikana, lakini nadhani panya hawakuona tofauti.) Zamani zaidi, kati ya mwaka 1305 na 1467, hesabu za hapo hapo zina malipo ya peni 13 kila robo mwaka kwa ajili ya paka, yaani peni moja kwa juma. Lakini angalieni vizuri: tundu la Exeter ni tundu tu. Halina kibao, na sijaona popote palipoandikwa kwamba paka wa askofu alihitaji kufundishwa.

Shida, basi, ni kibao. Hebu tujiweke mahali pa paka. Jicho lake ni hodari gizani, lakini kitu kilicho karibu sana na pua yake hakioni sawasawa. Hapo hutegemea masharubu. Kwa hiyo, katika nafsi ya kupita, kile kibao anakihisi zaidi kuliko kukiona, nacho kinamgusa usoni, mahali penye hisi kali kuliko pote mwilini mwake. Sikio lake husikia sauti nyembamba kupita kikomo cha binadamu mara tatu na zaidi, na sumaku inayokishikilia kibao hulia "ta!" kila kinapofunguka na kufungwa. Zaidi ya hayo, paka akitaka kufungua kitu hukivuta kwake kwa ukucha. Kukisukuma kwa kipaji cha uso si tabia aliyozaliwa nayo. Tena huenda mpangaji aliyetangulia alikuwa na paka wake, na harufu ya yule mwingine bado imo katika fremu. Mbele ya haya yote paka anayesita anatumia akili, wala hana ukaidi.

Sasa mtu akimshika kiunoni na kumsokomeza humo, anamfundisha nini? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Paka aliyesukumwa mara mbili amekwisha kujifunza somo lake, nalo ni kwamba kijilango ni mahali ambapo hukamatwa na kubanwa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani aliyekuwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliwafungia paka wenye njaa katika masanduku aliyoyaunda mwenyewe, akaweka chakula nje. Ili kutoka, paka alipaswa kuvuta kitanzi cha uzi au kukanyaga kibao. Mara ya kwanza alihangaika, akakwaruza, akauma mbao, hata kwa bahati akagusa palipotakiwa na mlango ukafunguka. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kuhangaika ulipungua kidogo kidogo. Kisha Thorndike akajaribu njia ileile ya baba wa nyumba yetu: alishika mguu wa paka na kuutumia kuufungua mlango, akarudia mara nyingi, akitazama kama mnyama atajifunza kwa kufanyiwa. Hakujifunza. Alichokitenda mwenyewe na kikampa chakula, hicho kilibaki, alichotendewa hakikubaki.

Thorndike alidhani pia kwamba paka hawajifunzi kwa kutazama wenzao. Hapo hakupatia. Mwaka 1969 mtafiti Phyllis Chesler alionyesha kwamba watoto wa paka waliomtazama mama yao akibonyeza wenzo ili apate chakula walijifunza upesi kuliko waliomtazama paka jike mgeni, na wale ambao hawakuonyeshwa na yeyote hawakujifunza kabisa. Mwenye paka wawili, mmoja akiwa mzoefu wa kijilango, ana mwalimu bure nyumbani.

Mama yetu ana paka mmoja tu, kwa hiyo mwalimu ni yeye na watoto. Ushauri wangu ni kwamba kwa juma zima kibao kisiwepo. Kiinueni juu kabisa, mkifunge kwa uzi au utepe wa gundi imara, na mhakikishe hakiwezi kuanguka, maana kikimwangukia mgongoni mara moja tu kazi yote itakuwa bure. Tundu libaki wazi kama la Exeter. Najua baridi itaingia, vaeni sweta. Chukueni kitambaa safi, mkipanguse taratibu mashavuni mwa paka, kisha mpanguse fremu kwa kitambaa hicho, ili akikaribia aikute harufu yake mwenyewe. Mtoto mmoja akae nje, mwingine ndani, wakati paka ana njaa kidogo kabla ya chakula cha jioni. Aliye nje ashike kitu anachokipenda paka huyo hasa. Dagaa ni wazuri, ila wasiwe wa chumvi. Asimwite kwa kelele. Aweke dagaa mmoja kizingitini, mwingine mbele kidogo, kisha anyamaze. Paka akitoa kichwa tu na kurudi, ahesabiwe kuwa ameshinda siku hiyo, apewe chakula chake. Dakika tano zatosha. Mara mbili kwa siku ni bora kuliko saa nzima ya kubembelezana.

Akishapita bila kusita, kiteremsheni kibao hadi robo, na siku kadhaa baadaye hadi nusu, ili akiguse kwa mgongo kabla ya kukigusa kwa uso. Mwishowe acheni upenyo mdogo tu chini, unaotosha kupitisha mguu na kunusa harufu ya dagaa. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanaona wamekaribia, nao wanaharakisha. Paka akigoma katika hatua fulani, rudini hatua moja nyuma bila aibu. Wengine humaliza kwa siku chache, wengine kwa majuma mengi.

Litazameni pia tundu lenyewe. Ukingo wake wa chini unapaswa kuwa karibu na kimo cha tumbo la paka. Mara nyingi ardhi ya nje iko chini kuliko sakafu ya ndani, hata paka anayetoka anajikuta akitumbukia. Tofali moja au ngazi ya ubao huondoa tatizo hilo. Wekeni na vyungu viwili vya maua upande wa nje, ili anapotoka asijione yuko uwanjani mbele ya macho ya paka wote wa mtaa.

Siku hizi viko vijilango vinavyosoma chipu iliyopandikizwa chini ya ngozi ya paka, ndogo kama punje ya mchele, na kumfungulia mwenye nyumba peke yake. Ni vizuri kwa kuwazuia wageni, na huko Uingereza yenyewe, yaani England, tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria inamdai kila mwenye paka ampandikize chipu kabla hajatimiza majuma 20. Lakini kufuli la mashine hiyo hulia linapofunguka, na kwa paka anayejifunza ni kero ya nyongeza. Liachwe wazi mpaka azoee kibao. Na kama familia imehamia karibuni, paka asitolewe nje kabla ya majuma matatu hivi, asije akaenda kutafuta nyumba ya zamani.

Juu ya kumpeleka kituoni, naomba mwezi huo wa baba uhesabiwe kuanzia siku kibao kitakapoinuliwa, wala si kuanzia siku alipokasirika. Paka anayebaki ndani kwa hiari yake, mwenye sanduku la mchanga lililo safi, naye hana hatia.

Nimalizie kwa wale ambao paka wao alikitumia kijilango miaka mingi, kisha akaacha ghafula. Huyo hahitaji mafunzo. Kama ni mzee, huenda viungo vinamuuma anapokunja mgongo kupita; mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Kama ni kijana mzima, amkeni mapema siku moja, mkae jikoni bila kuwasha taa, na mtazame nje kupitia kibao. Mara nyingi mtamwona paka wa jirani ameketi upande wa pili, anangoja.