RASI YA MASHARIKI SI SHAMBA LA KUCHUMA BILA KULIMA

Liko neno moja ambalo limesemwa huko Afrika ya Kusini kwa miaka mingi, na baadhi yetu huku tumelimeza bila kulitafuna. Neno lenyewe ni hili: ati kriketi ni mchezo wa Wazungu, ati Mwafrika alikaribishwa juzi tu, mwaka 1986, pale chama cha kriketi cha Wazungu kilipopeleka magongo na walimu wa mchezo katika mitaa ya Waafrika, na ati tangu hapo kazi yote ni kumshika Mwafrika mkono na kumwinua polepole mpaka ajue. Huu ni uongo, tena ni uongo wenye faida kwa wanaousema. Maana ukiisha kusadiki kwamba hukuwa na kitu, hutauliza ni nani aliyekunyang'anya.

Ndugu msomaji, tuitazame nchi yenyewe. Rasi ya Mashariki ni nchi ya Waxhosa. Kwa miaka 100, tangu 1779 mpaka 1879, walipigana vita 9 na wakoloni, wakinyang'anywa ng'ombe, mabonde na mito, kipande kwa kipande. Pamoja na majeshi walikuja wamisionari na shule zao: Lovedale, iliyofunguliwa 1841 karibu na mji wa Alice, na Healdtown ya mwaka 1855, karibu na Fort Beaufort. Wamisionari walikuwa na hesabu yao. Walitaka kijana wa Kiafrika avae suruali, aimbe nyimbo za kanisani na acheze kriketi, apate kuwa na tabia za bwana wa Kiingereza. Kijana akavaa, akaimba, akacheza. Lakini lile gongo alikwenda nalo kwao kijijini, nalo likawa lake.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Nathaniel Umhalla. Baba yake, Chifu Mhala, alifungwa na Waingereza katika kisiwa cha Robben zaidi ya miaka 100 kabla ya Mandela kupelekwa huko. Mtoto akachukuliwa, akatiwa katika shule ya Zonnebloem mjini Cape Town, iliyowekwa makusudi kuwafuga watoto wa machifu, kisha akapelekwa Uingereza. Aliporudi kwao, mwaka 1878, alishtakiwa kwa uhaini, akashinda kesi. Mtu huyo huyo, katika miaka ya 1880, alikuwa mstari wa mbele katika kriketi ya Waafrika wa King William's Town, mji ambao tangu 2021 waitwa Qonce. Na lilipoanzishwa gazeti la Izwi Labantu mwaka 1897, yeye ndiye aliyekuwa mhariri. Basi mtu wa namna hiyo ndiye tunayeambiwa kwamba alikuwa akiiga Wazungu! Mwenye kuiga hapelekwi mahakamani kwa uhaini.

Mwaka 1884 timu za Waafrika za miji ya huko zilifanya mashindano yao zenyewe, na katika miaka hiyo hiyo zilikutana na timu za Wazungu na mara nyingine kuzishinda. Mwaka huo huo John Tengo Jabavu alianzisha Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa, nalo lilichapa habari za kriketi pamoja na habari za siasa, kwa sababu wasomaji walizitaka zote mbili. Sasa linganisha tarehe. Mechi ya kwanza ya Afrika ya Kusini ya namna ile kubwa ya taifa kwa taifa, iitwayo Testi, ilichezwa mjini Port Elizabeth mwezi Machi 1889. Waafrika wa jimbo hilo hilo walikuwa wameshafanya mashindano yao miaka 5 mbele. Nani basi alichelewa kufika?

Yaliyofuata hayakuwa ajali. Mwaka 1894 mrushaji hodari wa mpira, Krom Hendricks wa Cape Town, aliachwa nje ya timu iliyokwenda Uingereza kwa ajili ya rangi yake, na mkono wa Cecil Rhodes ulikuwemo. Mwaka 1913 ikaja Sheria ya Ardhi, ikawabana Waafrika katika sehemu ndogo mno ya nchi yao. Mwaka 1953 ikaja sheria ya elimu ya Kibantu, na shule za misheni, Lovedale na Healdtown zikiwamo, zikaingia mikononi mwa serikali ya makaburu. Waliotunza viwanja wakatawanywa. Mwaka 1958 timu ya Afrika ya Kusini ya watu wasio Wazungu, ikiongozwa na Basil D'Oliveira, ilizuru huku kwetu Afrika Mashariki na kucheza. Ilikuwa timu hodari, lakini nchini kwao mlango wa timu ya taifa ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Lakini vijijini mchezo haukufa. Wanaume wa mabonde ya Alice na Fort Beaufort walichukuliwa vibarua kwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg, viwanda vya Port Elizabeth na bandari ya Cape Town. Walirudi Krismasi. Na kwa sababu walirudi Krismasi, ndiyo maana kriketi ya vijiji vya huko huchezwa msimu wa Krismasi, kijiji kwa kijiji, katika malisho yenye mashimo na kinyesi cha ng'ombe, wazee wakitoa hukumu na akina mama wakishangilia. Mashindano hayo yajulikana kwa jina la Amacal'egusha, jina la mapande ya kondoo, maana kondoo ndiye aliyekuwa tuzo. Hakuna mfalme wala tajiri wa madini aliyetoa kikombe cha fedha. Watu walichanga wenyewe.

Nakaa sana juu ya jambo hili la vibarua, kwa kuwa ndilo shina la maneno yangu. Serikali ya Wazungu haikulichukua jimbo lile kuwa nchi ya watu. Ililichukua kuwa zizi la kutolea mikono. Ikahitaji mikono, ikafungua mlango, ikatoa mikono, ikafunga mlango. Wazee, wagonjwa na watoto wakabaki ndani. Na mimi nasema kwamba hata baada ya 1994, kriketi ya Afrika ya Kusini imeitendea Rasi ya Mashariki vivyo hivyo.

Makhaya Ntini alizaliwa 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na King William's Town. Alikuwa mchunga ng'ombe. Afisa wa mchezo wa jimbo alimwona, akampa viatu, na baadaye akapelekwa Dale College, shule iliyojengewa Wazungu, yenye nyasi zilizokatwa na walimu wa mchezo. Mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika ya Kusini mechi ya Testi. Akacheza Testi 101 na kuangusha wiketi 390. Mwaka 2003 aliangusha wiketi 10 katika mechi moja kwenye uwanja wa Lord's, London, jambo ambalo hakuna mtu wa nchi yake aliyekuwa amelifanya pale. Taifa zima likapiga makofi. Lakini mwaka 2020 Ntini mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akienda uwanjani kwa miguu, akikimbia, kwa sababu ndani ya basi la timu wenzake walikaa mbali naye. Walimtaka mkono wake wa kurusha mpira, na huo tu.

Tena yuko Mfuneko Ngam wa Middledrift, mwendo mfupi kutoka kwa akina Ntini. Waliomwona wasema alikuwa na kasi ya kutisha. Alicheza Testi 3 tu, msimu wa 2000 na 2001, mifupa ikamvunjika mara kwa mara, na ikaelezwa kwamba lishe haba ya utotoni ilikuwa na sehemu yake katika maradhi hayo. Mmoja Testi 101, mwingine Testi 3. Wako wanaoiita bahati. Mimi naiita njaa. Na Ngam alifanya nini baadaye? Alirudi Alice, kwenye Chuo Kikuu cha Fort Hare, kuwafundisha kriketi vijana wa vijiji. Fort Hare hatuhitaji kuelezwa. Ndiko alikosoma Eliud Mathu wa Kenya na Yusuf Lule wa Uganda. Middledrift hiyo hiyo imemtoa pia Ayabonga Khaka, aliyeangusha wiketi 4 za Uingereza mwezi Februari 2023 na kuiingiza timu ya wanawake ya Afrika ya Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia. Mji mdogo kama ule!

Wala tusisahau walioondoka. Mtaa wa Langa, Cape Town, alikozaliwa Temba Bavuma, nahodha aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Testi huko Lord's mwezi Juni 2025, ulijengwa 1927 kuwaweka vibarua wa Kiafrika, na wengi wao walitoka Rasi ya Mashariki. Sifa ikaandikiwa Cape Town.

Watanijibu, najua. Watasema: bila Dale College angekuwapo Ntini? Jawabu ni kwamba swali limekaa kichwa chini. Mimi nimesomea ualimu. Mwalimu akimtoa mwanafunzi mmoja hodari na kumpeleka darasa la matajiri, amemsaidia mtoto mmoja. Darasa lake la kwanza amelipunguzia. Grey High ya Port Elizabeth ilimtoa Graeme Pollock, na Queen's College ya Queenstown ilimtoa Tony Greig, ambaye alikwenda kuwa nahodha wa Uingereza nzima. Kwa nini? Kwa sababu shule hizo zilikuwa na viwanja. Watoto wa Kizungu hawakuhitaji afisa wa kuwaokota porini mmoja mmoja.

Wengine watasema: unadai viwanja vya kriketi katika jimbo ambalo mwaka 2018 mtoto wa miaka 5 alifia ndani ya choo cha shimo shuleni kwake huko Bizana? Ndiyo, nadai. Jimbo hilo limenyimwa vyoo na viwanja na mkono ule ule, na anayenitaka nichague kimoja ananitaka nimsaidie kuninyima kingine.

Sasa tazama walivyofanya. Mwaka 2021 chama cha kriketi cha Afrika ya Kusini kilipanga upya timu za majimbo katika madaraja 2. Border, timu ya East London, King William's Town na vijiji vyote nilivyovitaja, ilitupwa daraja la pili. Zilipimwa fedha na hesabu za ofisi. Miaka 130 na zaidi ya kriketi ya Waafrika haikupata alama iliyoweza kuiokoa. Kisha ikaja ligi ya matajiri, na kampuni ya Kihindi ikaanzisha timu yake Gqeberha, ndiyo Port Elizabeth ya zamani, ikaipa jina Sunrisers Eastern Cape, ikatwaa kombe 2023 na tena 2024. Uwanja wa St George's ulijaa watu na tarumbeta. Siwalaumu walioshangilia. Lakini jina la Rasi ya Mashariki limekuwa na bei sokoni, na wenye jina hawakualikwa kwenye mnada.

Kombe la Dunia la wanaume la 2027 limepangwa kuchezwa Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Namibia, na viwanja 2 vya jimbo hili vimo katika orodha: St George's na Buffalo Park ya East London. Fedha zitamwagwa. Rangi mpya itapakwa, na picha za Ntini zitatundikwa ukutani. Basi watu wa Middledrift, Mdingi, Alice na Healdtown wadai kabla tiketi ya kwanza haijauzwa: viwanja vingapi vya nyasi vitatengenezwa vijijini, mtunza uwanja atalipwa na nani, mwalimu wa mchezo atakaa shule gani, na Border itapewa nini. Wadai majibu hayo kwa maandishi, yenye sahihi na tarehe. Ahadi za jukwaani wamezisikia tangu enzi za wamisionari. Na sisi wa vyama vya wananchi huku, tuliowapa wapigania uhuru wao nyumba Dar es Salaam na mashamba Morogoro, tunayo haki ya kuuliza pamoja nao.