Mwandishi wa Kivu, Idjwi Inakudai

Tumechoka na ubatizo wa vitabu. Aliyewahi kuhudhuria sherehe hizo Bukavu anajua zinavyokwenda: ukumbi wa hoteli upande wa Ibanda, meza ya kitambaa cheupe, nakala zilizofungwa utepe, viti vya mbele vimewekewa majina ya waheshimiwa watakaochelewa saa nzima. Profesa anasoma kurasa kumi za Kifaransa akichambua kitabu ambacho waliomo ukumbini hawajakishika bado. Baba wa ubatizo anasimama, anatoa bahasha, anapokea nakala ya kwanza; makofi, picha. Mwandishi anatia saini. Zinapita chupa za Fanta na sambusa, kisha kila mtu anatafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Maswali ni mawili, muda ukiruhusu, na mara nyingi anayeuliza hajasoma hata ukurasa mmoja.

Halafu tunaambiwa kwamba mwandishi amekutana na wasomaji wake!

Hajakutana nao. Amekutana na wafadhili, jamaa, wanasiasa wanaotaka kuonekana na kitabu mkononi, na waandishi wa habari waliosubiri nauli. Msomaji hakualikwa. Na kama msomaji huyo anaishi Idjwi, basi hata habari za sherehe yenyewe hazikumfikia, ingawa kisiwa kiko palepale katikati ya Ziwa Kivu, na boti zinatoka Bukavu zimebeba chumvi, sabuni, mabati na madaftari ya shule, zikirudi na mananasi, maharage na kahawa. Njia ipo. Wachuuzi wanaipita kila wiki, wauguzi wanaipita, mapadri na wachungaji wanaipita. Waandishi ndio wasioiona.

Nawaandikia waandishi wenyewe, maana serikali tumeilalamikia mpaka midomo imekauka. Ninyi mnaotunga riwaya kuhusu Ziwa Kivu, mnaoandika insha kuhusu ardhi, vita, wanawake na watoto wa mkoa huu, mnaoalikwa Paris, Bruxelles na Kinshasa kuzungumza kwa niaba yetu: ni lini mlikaa mbele ya watu mnaowaandika mkawapa nafasi ya kuwajibu?

Hakuna watu walioandikwa zaidi kuliko watu wa Kivu. Ripoti kuhusu sisi zinajaza makabati ya Geneva na New York. Idjwi yenyewe ina kitabu chake kikubwa: mwanahistoria Mmarekani David Newbury alikaa kisiwani miaka ya 1970, akawasikiliza wazee wa koo za kaskazini na kusini, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamchapishia *Kings and Clans*, historia ya kisiwa kati ya mwaka 1780 na 1840. Namheshimu sana mtu huyo. Alivuka maji, akakaa chini, akasikiliza, jambo ambalo wenzetu wengi waliozaliwa kilomita chache kutoka ziwani hawajalifanya. Lakini angalieni safari ya maneno yale. Yalitoka vinywani mwa wazee kwa Kihavu, yakawekwa katika Kiingereza, yakachapishwa Marekani. Mtoto anayesoma shule ya msingi Bugarula, kisiwani, hawezi kusoma lugha iliyohifadhi masimulizi ya babu yake. Kazi ya kuyarejesha kisiwani, kuyasoma kwa sauti mbele ya wajukuu na kuwauliza kama ndivyo walivyosikia nyumbani, ilikuwa yetu sisi wa Bukavu, wenye vyuo, maktaba na wasomi wa lugha zote mbili. Tuliifanya?

Kuna kisiwa kingine katika ziwa jingine ambacho kila mwandishi wa Kivu angepaswa kukijua. Ni Ukerewe, Tanzania. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa kuhusu mume na mke wanaohangaika kupata mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ndani yake akaweka maisha yote ya kisiwa: kilimo, dawa, posa, ugomvi wa mashemeji, pombe, matanga. Hakuna aliyetaka kuichapisha kwa Kikerewe. Mzee akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa kwa mamia, na bado akasubiri. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia kisiwani kwake.

Fikirini jambo hilo kidogo. Mtu ameandika kuhusu majirani zake, kwa lugha yao, na hakupata hata jioni moja ya kusikia jirani akimwambia, "Mzee Kitereza, hapa umesema kweli," au, "Hapa umekosea, dawa ile haichemshwi hivyo." Leo wataalamu wanakisifu kitabu chake, kimetafsiriwa kwa Kijerumani, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Ukerewe vilevile, akakitafsiri kwa Kiingereza. Sifa hizo zote zilikuja wakati mwenyewe hana masikio ya kuzisikia. Kitereza alinyimwa wasomaji na wachapishaji, na umri, na umbali. Ninyi hamkunyimwa na mtu. Mnaishi saa chache kutoka kwa wasomaji wenu na mmeamua wenyewe kutowaona. Na nani ajuaye kama sasa hivi hakuna mzee wa Kihavu, upande wa sheferi ya Rubenga au ya Ntambuka, mwenye daftari lake chini ya kitanda, anayengoja mtu wa kumwonyesha? Katibu wa sheferi hatampeleka Bukavu. Mwandishi akienda huko kusoma chake, mzee atakuja na chake.

Nazijua sababu mtakazotoa. Mtasema watu wa kijijini hawasomi. Kawaulizeni wazee wa Limuru, Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya yake ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharabainĩ*, mwaka 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani, ndani ya matatu na hata baa. Mwenyewe ameeleza jinsi msomaji wa baa alivyokuwa akifika mahali patamu, anaacha kusoma, anatazama glasi yake tupu, na wasikilizaji wanamjazia haraka ili hadithi iendelee. Wengi wa wasikilizaji wale hawakuwa wanunuzi wa vitabu, na riwaya ikawa yao. Kabla ya hapo, mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walitunga mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Wakulima na vibarua wakawasahihisha waziwazi wakati wa mazoezi, wazee wakirekebisha lugha, wafanyakazi wakirekebisha habari za mishahara. Serikali ya Kenya ilipiga mchezo marufuku, ikamfunga Ngũgĩ wa Thiong'o karibu mwaka mzima bila kesi, na mwaka 1982 ikabomoa ukumbi wa kijiji. Serikali haibomoi ukumbi kwa sababu ya watu wasiojali maneno.

Mtasema lugha. Mmeandika kwa Kifaransa, na Idjwi inaongea Kihavu na Kiswahili. Basi tafsirini kurasa kumi! Katiba yetu ya mwaka 2006 imetaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Watoto wa Kivu wanaanza shule kwa lugha hiyo. Sokoni Kadutu mnapatana bei kwa lugha hiyo. Mkifiwa mnafarijiwa kwa lugha hiyo. Mwandishi aliyekulia hapa akishindwa kusimulia kitabu chake kwa Kiswahili kwa muda wa saa moja, ana kazi ya kufanya kabla ya kuandika kingine. Na msingoje tuzo ya dunia iwasukume. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise*, inayohusu watu wa pwani na safari zao za bara, ilitoka mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la *Peponi* mwaka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Miaka 28 ni mingi mno kwa mtu kungoja hadithi inayomhusu.

Mtasema bei. Hapo mna haki, na wenye lawama ni wengi: kitabu kilichochapishwa Ufaransa kinauzwa kwa fedha ambazo mwalimu wa kisiwani hawezi kuzitoa bila watoto wake kulala njaa. Ndiyo maana sisemi mpeleke vitabu kuuza. Semeni, someni, acheni nakala chache. Katika shule nyingi kule, kitabu kilichomo darasani ni kile alichoshika mwalimu. Nakala tano zikizunguka kwa mpango zitasomwa na watu wengi kuliko zile mia zilizobaki kwenye maboksi sebuleni kwenu tangu siku ya ubatizo.

Mtasema vita. Hili silipuuzi. Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari, na kila mtu wa ziwa hili ana ndugu aliyekimbia au aliyezikwa. Kuna siku boti hazitembei na kuna siku hakuna anayepaswa kuzipanda. Lakini msiitumie vita kuficha miaka iliyotangulia, boti zilipotembea na bado hamkwenda. Tena ni vita hiyohiyo mnayoiandika. Kisiwa kilichopokea wakimbizi mwaka 1994, kikaponea mapigano yaliyoteketeza vijiji vya nchi kavu, kina mengi ya kusema kuhusu namna watu wanavyoishi pamoja bila kuuana, na hamjakiuliza.

Sababu ambayo hamtaisema ni hofu, na mimi nitaisema. Msomaji wa hotelini hawezi kuwaaibisha, kwa kuwa hajui. Wa Idjwi anajua. Ukiandika kwamba mvuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo, alitoka usiku peke yake katika mtumbwi na taa moja, mvulana wa miaka kumi na tano atasimama akuulize ni wapi uliona hivyo, maana mitumbwi ya sambaza hufungwa mitatu kwa miti mirefu, wavu katikati, na watu hupiga kasia kwa kufuatisha wimbo. Ukiandika kuhusu magendo ya kahawa kana kwamba ni mchezo wa wajanja, mjane atakueleza jinsi wanaume wa kisiwa walivyopakia magunia usiku kuelekea Rwanda, kabla vyama vya ushirika havijajenga vituo vya kuoshea kahawa, na jinsi upepo wa ziwa ulivyowazamisha wengi, mume wake akiwemo. Atakuuliza kwa nini hao hawamo. Huo ndio mkutano wa mwandishi na msomaji. Unauma, na kitabu chako kinachofuata kitakuwa bora.

Kwa hiyo nendeni, na mwende vizuri. Msipeleke mgeni rasmi. Pitieni kwa Mwami, mtawala wa jadi, kwa salamu tu, kama desturi inavyotaka, kisha mwombeni ruhusa ya kukaa na watu. Tumieni ukumbi wa parokia, darasa baada ya masomo, uwanja wa kituo cha kahawa akina mama wakichambua punje. Mikono inafanya kazi, masikio yako huru. Redio Maendeleo ya Bukavu imekuwa na vilabu vya wasikilizaji kwa miaka mingi, watu wanaokaa pamoja, wanasikiliza, wanajadili. Klabu ya kitabu haihitaji zaidi ya hapo: mtu mmoja anayesoma kwa sauti, wengine wanaomkatiza. Waalikeni Wambuti wa kisiwa pia, wakae mbele, wasiwekwe nyuma kama wanavyowekwa kila mahali. Someni dakika ishirini, si zaidi, mfunge kitabu. Saa inayofuata ni yao, na ninyi mnaandika. Msilipe mtu nauli ili aje kuwasikiliza. Akiondoka katikati, mmejua jambo kuhusu sura ya tatu ambalo hakuna profesa angewaambia.

Jioni, kabla hamjalala, zile nakala tano mkabidhini mwalimu mmoja mbele ya watu, majina ya wanaozichukua yaandikwe kwenye daftari, na mkubaliane naye wiki ya kurudi kusikia waliosoma wamesema nini.