Tusilipie Intaneti Tusiyoipata

Zamani mfanyakazi akipokea mshahara wake alihesabu unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa na ada ya shule. Siku hizi katika hesabu hiyo imeingia intaneti ya nyumbani. Wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya wakubwa. Si kweli. Watoto wetu hupewa kazi za shule kwa njia ya simu. Fedha tunazowapelekea wazee kijijini hupita humo. Mama anayeuza vitenge huonyesha wateja wake picha. Hata habari ya mkutano wa tawi hutufikia huko kabla haijabandikwa ubaoni. Ndiyo maana wengi wetu katika Jinja, Lugazi na vitongoji vya Kampala tumeona ni afadhali nyumba nzima ilipie laini moja ya mwezi, kuliko kila mtu kununua kifurushi chake cha siku.

Basi fedha hiyo ni jasho, na jasho halitupwi. Lakini tazameni mambo yanavyokwenda. Kampuni hulipwa kwanza, siku ya kwanza ya mwezi, kabla haijatoa chochote. Siku ya tano laini inakatika. Unapiga simu, unachezewa muziki kwa nusu saa, kisha sauti ya upole inakuambia: "Zima kifaa, halafu uwashe." Kesho unapiga tena. Anapokea mwingine asiyejua habari za jana, naye anakuambia uzime na uwashe. Mwishowe unaahidiwa fundi. Fundi anakuja wakati wewe uko zamu, anakuta mlango umefungwa, anaandika kwamba kazi imekwisha. Mwezi unamalizika, na kampuni inadai fedha ya mwezi mwingine.

Sisi tunaijua sheria ya kiwandani. Mfanyakazi akikosa kazi siku tatu bila ruhusa, hukatwa siku tatu, wala haulizwi maoni yake. Kwa nini basi kampuni iliyouza siku thelathini ikatoa ishirini na tatu ichukue malipo ya siku thelathini? Tuseme laini yako ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Kila siku ni shilingi 3,000. Ikikatika siku saba, shilingi 21,000 zako zimekwenda bure. Na kumbuka kwamba tangu Julai 2021 serikali ya Uganda imetoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kwa hiyo mlipaji hulipia kosa la kampuni, na juu yake hulipia ushuru wa kosa hilo.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Si kila kukatika ni kosa la kampuni. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, zikatokea nchi kavu Mombasa na Dar es Salaam, halafu ikasafiri kwa waya mpaka kwetu. Waya wa Seacom ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili ziliharibika baharini upande wa kusini, na wafanyakazi wa Kenya, Tanzania na Uganda wote wakateseka siku moja. Vilevile umeme ukikatika nyumbani, ruta, kile kisanduku chenye taa, huzimika, na hapo kampuni haina hatia.

Lakini yako mambo ambayo ni yao wenyewe. Kuweka wateja wengi mno juu ya mnara mmoja, kama basi linalopakia abiria mpaka mlangoni, hata ikifika saa mbili za usiku hakuna anayesogea, hilo ni lao. Kuacha betri za mnara zife, hilo ni lao. Kutegemea njia moja tu ya waya bila ya akiba, hilo ni lao. Na lile neno dogo katika mkataba, "kasi ya hadi 10", hilo ni lao pia. Hebu mwajiri atuandikie kwamba mshahara wetu utakuwa "hadi" shilingi laki tano. Nani kati yetu angetia sahihi?

Je, tufanye nini? Wengi hufoka kwenye simu, kisha hulipa. Hasira haina risiti. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi aliyepunjwa saa za ziada hushinda kwa daftari lake la saa, na hapa njia ni ile ile.

Kwanza, weka daftari karibu na ruta. Andika tarehe, saa laini ilipokatika na saa iliporudi. Andika kama umeme ulikuwapo, taa zilikuwa za rangi gani, na kama jirani wa kampuni hiyo hiyo naye alikatikiwa. Kama laini haikatiki bali inakokota, pima kasi yake asubuhi, mchana na usiku, ukiwa karibu na ruta na simu nyingine zote zikiwa zimezimwa. Wasikuchanganye kwa vipimo: mikataba huandika megabiti, na megabiti nane ndizo hufanya megabaiti moja.

Pili, kila upigapo simu dai namba ya malalamiko na uiandike. Simu isiyo na namba, kwa kampuni, ni kama haikupigwa.

Tatu, andika barua au ujumbe unaobaki, nawe uweke nakala. Dai mambo matatu tu: sababu ya kukatika, tarehe ya kutengenezwa, na fidia ya siku ulizokosa, iwe kwa fedha au kwa siku za kuongezwa. Wape muda unaojulikana. Usitukane, kwa maana tusi huwapa nafasi ya kujibu tusi na kuacha dai.

Nne, na hili ndilo kubwa, usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mtaa wetu, kwa muda wa miezi miwili, kila mtu aliambiwa azime na awashe, kana kwamba ugonjwa uko nyumbani kwake. Tulipoweka madaftari pamoja tukaona kwamba nyumba kumi na moja zilikatikiwa saa zile zile, na kila mara ni baada ya umeme kupotea upande wa mnara. Tukapeleka barua moja yenye namba za wateja wote na sahihi zote. Wiki ile ile mafundi walikuja wakabadilisha betri za mnara, na kila nyumba ikaongezewa siku saba. Hakuna aliyekuwa na elimu ya mitambo. Tulikuwa na madaftari na sahihi.

Kampuni ikikaa kimya, kuna mlango wa pili. Hapa Uganda sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013 imeipa Tume ya Mawasiliano kazi ya kupokea malalamiko, kuyachunguza na kuyasuluhisha. Ndugu zetu wa Kenya wana Mamlaka ya Mawasiliano, tena Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara kwa sababu ya ubovu. Ndugu zetu wa Tanzania wana TCRA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, pamoja na baraza la kuwasemea watumiaji, na rufaa hupelekwa Baraza la Ushindani. Mahali pote utaulizwa jambo moja: je, kwanza uliiandikia kampuni? Aliye na nakala atasikilizwa. Asiye nayo atarudishwa nyumbani.

Wako wanaosema: "Kampuni ikikuudhi, ihame." Maneno matamu, lakini hayamfai kila mtu. Katika kambi nyingi za mashamba mnara unaofika ni mmoja. Tena kifaa ulichonunua mara nyingi kimefungwa kitumike na kampuni ile ile tu, na ukihama umekipoteza. Anayeweza kuhama ahame, lakini adai kwanza haki yake ya siku alizokwisha kulipia.

Wengine husema fidia haiwezekani, kampuni zitafilisika. Tutazame Uingereza. Tangu Aprili 2019 uko mpango chini ya Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo. Kampuni zilizojiunga nao humlipa mteja wa nyumbani bila yeye kuomba, laini yake ikikaa zaidi ya siku mbili za kazi bila kutengenezwa, na huendelea kumlipa kwa kila siku ya kuchelewa. Kampuni hizo zingali zinafanya biashara. Linalowezekana kwa mfanyakazi wa Manchester haliwezi kuwa muujiza kwa mfanyakazi wa Jinja.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba vyama vyetu visilione jambo hili kuwa dogo. Tunapigania nyongeza ya mshahara mwaka mzima, kisha tunaiacha ivuje nyumbani kama maji katika ndoo iliyotoboka. Kila tawi liwe na daftari la malalamiko ya intaneti. Mwakilishi awasaidie wasiozoea kuandika. Barua zipelekwe kwa pamoja, kwanza kwa kampuni, halafu kwa wasimamizi. Na viongozi wetu wa juu wadai kwa serikali zetu kwamba fidia itolewe yenyewe, bila ya mtu kubembeleza.

Ndugu wafanyakazi, mwenye kuomba hupewa akipendwa, lakini sisi hatuombi. Tumekwisha kulipa. Anzeni daftari usiku wa leo, na mje nalo katika mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu!