Kumuita mwenzako si aibu: linda mugongo wako

Mufanyakazi mwenzetu, mara ngapi umesikia maneno haya kazini: "Mwanaume wa kweli anabeba peke yake"? Sisi tunasema wazi: maneno hayo yanaharibu watu.

Tazama namna mugongo ulivyojengwa. Katikati ya mifupa yake kuna diski 23. Kila diski ina duara gumu inje, na ndani kitu laini kama uji muzito. Kazi yake ni kupokea uzito na kuacha mugongo upinde. Ukiinama bila kukunja magoti, ukanyanyua chuma kizito na kujizungusha kwa ghafula, diski za kiunoni ndizo zinateswa zaidi. Dereva wa lori kubwa anayetikiswa kutwa nzima yuko vilevile katika hatari. Siku moja duara linapasuka, kitu kile laini kinatoka na kugandamiza mushipa wa fahamu. Hapo maumivu yanashuka toka kiunoni, yanapita takoni mupaka muguuni.

Usikate tamaa. Watu wengi wanapona bila kupasuliwa, mara nyingi kwa majuma 6 mupaka 12. Lakini usilale kitandani majuma mazima. Tembea polepole, kunywa dawa kama munganga alivyokuandikia, fanya mazoezi anayokuonyesha. Operesheni ni kwa wachache. Ila muguu ukilegea, ao ukikosa kusikia kitu katikati ya mapaja, ao mukojo ukizuilika ao ukitoka wenyewe, enda lopitali siku ile ile. Kuchelewa kunaweza kukuachia kilema.

Na wewe mama, ndoo ya litre 20 ni kilo 20 za maji. Kunja magoti, sogeza ndoo karibu na tumbo, muite mutoto mukubwa akutwike.

Mufuko wa simenti una kilo 50. Kwa maoni yetu, huo si muzigo wa mutu mumoja. Kapita anayemucheka mutu anayeomba musaada anakosa. Kazi yake ni kumutafutia mwenzake ao mashini. Kungoja mwenzako ni dakika chache. Mugongo ukiharibika, baba anaweza kukaa nyumbani miezi, na watoto watauona upungufu huo katika sahani ya bukari.

Kesho, mbele ya kunyanyua, angalia pembeni yako na uite mutu.