Kifungashio Bora Ni Kile Kinachorudi

Kila bidhaa itokayo kiwandani hufungashwa kwa sababu tatu: ihifadhiwe isiharibike, isafirishwe kwa urahisi, na mnunuzi apate kujua anachonunua. Kwa muda mrefu wataalamu wa viwanda wamepima ubora wa kifungashio kwa mambo hayo matatu tu. Swali la nne limeachwa bila jibu: kifungashio hicho kitakwenda wapi baada ya kufunguliwa?

Hapo zamani swali hilo halikuwa na uzito. Pakacha la makuti, jani la mgomba na kibuyu, vilipochakaa, viliozea shambani, kwa kuwa vijidudu vya udongo huweza kuvila. Plastiki ni kitu kingine kabisa. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyoundwa kutokana na mafuta ya petroli na gesi, nayo huwashinda vijidudu hivyo kwa miaka mingi. Jua huipasua plastiki ikawa vipande vidogo mno, lakini kupasuka si kuoza. Vipande hivyo hubaki udongoni na majini.

Serikali za Afrika Mashariki hazikukaa kimya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Hatua hizo zastahili sifa. Hata hivyo, marufuku huondoa kitu kimoja bila kueleza kitakachoshika nafasi yake kiwe cha namna gani. Mifuko mingi iliyokuja badala ya ile ya zamani huonekana kama kitambaa, kumbe imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki vilevile. Kilichobadilika ni unene wake na bei yake.

Fundisho lililo kubwa zaidi limo katika biashara ya vinywaji. Soda ya aina moja huuzwa katika chupa ya kioo na katika chupa ya plastiki. Anayenunua ya kioo hutakiwa kuja na chupa tupu, au kuacha fedha ya dhamana, au kunywa papo hapo na kuirudisha kretini. Anayenunua ya plastiki huondoka nayo, na hakuna atakayeiulizia tena. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu: chupa nzima ya soda ya kioo ni nadra kuonekana mtaroni, ilhali zile za plastiki huziba mitaro kila msimu wa mvua. Mwananchi ni yule yule na kinywaji ni kile kile. Tofauti ni kwamba chupa moja ina thamani baada ya kunywewa, na nyingine haina. Kwa hiyo wanaodai kwamba uchafu wa miji watokana na tabia mbaya ya wananchi hawana budi kueleza kwa nini tabia hiyo haiigusi chupa ya kioo.

Haki yataka plastiki nayo isemewe. Chupa ya plastiki ya vinywaji, ambayo Nathaniel Wyeth wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1973, ni kazi ya ustadi mkubwa. Ile ya nusu lita huwa na uzito wa takriban gramu 20 tu, na ile ya kioo huwa nzito zaidi ya mara kumi. Lori linalobeba kioo hadi mkoa wa mbali huunguza mafuta mengi kwa ajili ya chupa, si kwa ajili ya kinywaji tu. Isitoshe, kioo huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, na chupa inayorudi sharti ioshwe kwa maji ya moto na magadi makali. Kioo kinachotumiwa mara moja na kutupwa ni hasara tupu. Faida yake hupatikana tu kinaporudi kiwandani mara nyingi, na kutoka masafa ya kadiri.

Basi hoja si kioo dhidi ya plastiki, bali ni nani anayelipia safari ya kurudi. Kiwanda cha chupa za kioo hulipia kreti, lori na uoshaji. Anayeuza kwa plastiki huyakwepa yote hayo, na gharama huiangukia halmashauri ya mji, mkazi ambaye nyumba yake imeingiwa na maji, na mwokota chupa ambaye hana budi kukusanya chupa hamsini hivi ili apate kilo moja. Sehemu ya unafuu wa plastiki ni deni lililohamishiwa kwa wengine.

Dawa yake imekwisha kujaribiwa. Sweden iliweka dhamana kwa makopo ya alumini mwaka 1984 na kwa chupa za plastiki mwaka 1994. Ujerumani ilifanya hivyo kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja mwaka 2003. Wengine watasema dhamana itampandishia bei mnyonge. Lakini dhamana si bei; ni fedha yake mwenyewe, itakayorudi pamoja na chupa. Tena wenye maduka na wateja wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa utaratibu huo, kwani wameuendesha kwa kreti za soda kwa miongo mingi bila mashine yoyote.

Yafaa, basi, chupa ya plastiki nayo itozwe dhamana, na kiwanda kinachotaka kuleta kifungashio kipya kitakiwe kwanza kuonyesha njia ambayo kifungashio hicho kitarudia, na atakayeigharimia. Kiwanda kisichoweza kuionyesha njia hiyo hakijamaliza uvumbuzi wake.